Aliyeuza Karatasi za Wakili

Sehemu ya sita

Wiki jana niliwaacha Yeoville, Johannesburg. Cherehani yangu ilikwisha kwenda katika ghasia dhidi ya wageni za mwaka 2008, mtoto nilikwisha kumzika, nami nashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima. Mume wangu Mwadini alikuwa amepata kazi ya kutengeneza majokofu kule Kensington. Nilisema maisha yameanza kunitazama kwa jicho jema. Nilisema mapema mno.

Leo naandika habari ya Alhamisi moja ya mwaka 2013. Ndiyo siku aliyokufa ndugu yangu Nassir, na ndiyo siku mtu mmoja aliyekuwa akila kwangu alinifanya ninunue karatasi zake. Nilitaka kumjua mtu huyo. Nikamjua.

Kwanza niwaeleze karatasi.

Kwetu ni pwani ya Kenya, karibu kabisa na mpaka. Mwaka ule tulikuwa tunachagua seneta kwa mara ya kwanza, na wagombea wawili walikuwa wanakabana koo. Mmoja tulimwita Wakili, mwingine Injinia. Majina yao hayana kazi hapa. Nassir, kitinda mimba wetu, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeshika kampeni ya Wakili upande wa kwetu. Watu walisema waziwazi: kura za kusini ni za Nassir. Akienda kulia, wanakwenda kulia.

Sisi wa Johannesburg hatukuwa na kura. Tukawa na karatasi.

Fiacre, Mrundi mwenye duka la intaneti pale Rockey Street, aliona kwenye mtandao Wazungu wakinunua na kuuza uchaguzi kama watu wanavyouza mahindi. Akatundika ubao ukutani. Unanunua karatasi ya Wakili. Wakili akishinda, Fiacre anakupa randi mia. Akishindwa, karatasi yako utafungia maandazi. Kabla ya siku yenyewe unaweza kumuuzia mwingine kwa bei iliyo ubaoni. Bei ikiwa sitini, maana yake watu wanaona Wakili ana nafasi sitini katika mia. Na anayeuza hatajwi. Sokoni kwa Fiacre hapakuwa na majina.

Mzee Mussa, mkubwa wetu sisi watu wa pwani, alikwenda kuutazama ubao ule siku ya kwanza tu.

"Hii ni kamari," alisema.

"Si kamari, mzee. Ni soko."

"Soko lina vitunguu. Vitunguu viko wapi?"

Watu walicheka, mzee akatoka, na watu wakaendelea kununua. Mimi sikununua. Nilikuwa napita tu kusoma bei, kwa kuwa bei ya Wakili kwangu ilikuwa habari za Nassir. Ikipanda, nilijua mdogo wangu amelala vizuri.

Asubuhi ya Alhamisi ile, zimebaki siku chache watu wapige kura, Mwadini alitoka kwenda kununua mkate. Alikawia. Aliporudi nikamtania kwamba mkate umeokwa Pretoria. Hakucheka. Tukaketi, nikakata mkate, na simu yangu ikaita.

"Dada, unakula nini?"

Nassir hakuwa na salamu nyingine tangu utoto.

"Mkate."

"Mkate mtupu? Mwambie shemeji anunue siagi, anatengeneza majokofu ya watu kutwa na lake halina kitu!"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye naye alicheka. Kisha akashusha sauti.

"Dada, nisikilize. Ukisikia lolote kuhusu mimi, usiamini mpaka uniulize mwenyewe."

"Lolote lipi?"

"Siasa, dada. Watu wana midomo. Utaniuliza mwenyewe?"

"Nitakuuliza."

"Haya, nipe shemeji."

Mwadini akaichukua simu akatoka nayo kwenda ukumbini, nje ya mlango wetu. Sikusikia walichosema. Aliporudi alinikabidhi simu, akachukua mfuko wake wa bisibisi, akaenda kazini. Mkate wake aliuacha kwenye sahani umeumwa mara moja.

Mchana nilikuwa napeleka sare kwa mteja. Nikapitia kwa Fiacre.

Ubao ulisema thelathini na moja.

Jana yake ulikuwa sitini na mbili. Nilidhani Fiacre amekosea, nikamtazama. Hakuwa amekosea. Na kitu kingine: watu wa kwetu walikuwamo mle, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Siku zote duka lile lilikuwa kama mnada. "Injinia hata choo cha shule ya kijijini kwao hakijaisha, atajenga kaunti?" "Na Wakili wenu kesi ya kuku wake mwenyewe alishindwa!" Siku ile walisimama kimya kama watu walio foleni ya benki. Niliposalimu, wawili wakatoka.

"Fiacre, kuna nini?"

"Eish, mama, mimi sijui. Tangu nifungue ni kuuza tu, kuuza tu. Soko inajua kitu."

"Soko halimjui ndugu yangu."

Sasa niwaambie ninyi nilichokuwa sikijui mimi. Kwetu, mtu akifiwa naye yuko mbali, haambiwi kwa simu. Wanapigiwa watu wake wa karibu. Hao wanamngoja mumewe atoke kazini, wanakusanyana, wanakuja pamoja, wanamkalisha chini, ndipo wanamwambia. Ni heshima. Ni huruma pia, asije akaanguka peke yake barabarani. Mzee Mussa alikuwa ameshapigiwa. Alikuwa ameshawaambia watu wetu wote: mtu asifungue mdomo mpaka jioni.

Midomo waliifunga. Karatasi waliziuza.

Mimi niliuona ubao, nikaona wanamkimbia Nassir. Nikakumbuka maneno yake ya asubuhi. Usiamini. Pesa ya cherehani niliyokuwa nikiiweka tangu mwaka uliopita ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yangu, kwa kuwa siku ile nilipanga kwenda kuinunua. Nikaanza kulifungua fundo.

Samira alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya mwisho. Samira ni msusi, ni wa kwetu, ndiye aliyeniazima cherehani. Akaja akanishika mkono.

"Shoga, usinunue leo."

"Kwa nini?"

"Usinunue tu. Nakuomba."

"Nambie kwa nini."

Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na wewe umeuza," nikamwambia.

Nikauondoa mkono wake kama mtu anayeondoa nzi.

"Fiacre, nipe za Wakili."

"Ngapi?"

"Kiasi cha pesa hii."

"Mama, subiri hata kesho. Kuna mtu ameniletea nyingi sana asubuhi, zimelala hapa mpaka sasa, hakuna mwenye kuzitaka. Mtu akitupa nyingi hivyo..."

"Hizo hizo. Nipe hizo."

Nilitoka pale kichwa juu. Nilijiona mimi peke yangu ndiye niliyebaki na Nassir. Nilitembea mpaka kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikawa nyekundu, nikasimama natabasamu, na karatasi za ndugu yangu zimo kwenye pindo la kanga. Wakati huo kule kwetu walikuwa wanamkosha wamvike sanda.

Jioni mlango ukagongwa.

Samira akaingia wa kwanza, amejitanda kanga mpaka kwenye paji. Nyuma yake wanawake wa kwetu, mmoja mmoja. Halafu Mzee Mussa. Halafu Mwadini, bado amevaa ovaroli ya kazi. Kila aliyeingia alivua viatu akaketi chini. Mimi sikusema karibu, wao hawakusema hodi.

Nikajua wamekuja kuniomba radhi.

"Karibuni wafanyabiashara," nikasema. "Mmekuja wote? Sokoni kabaki nani?"

Nikamgeukia Samira.

"Samira, ulipata bei nzuri? Na wewe Mama Tumu, mwanao Tumu alipokwenda nyumbani alifundishwa hesabu na Nassir likizo nzima, bure, mpaka akafaulu. Umemuuza kwa ngapi?"

Mama Tumu akaanza kulia.

"Usilie sasa. Utalia Wakili akishinda. Mmemuuza ndugu yangu mchana kweupe, halafu mnakuja kukaa kwenye mkeka wangu!"

"Biubwa," Mzee Mussa akasema. "Kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Mlichokuja nacho kisemeni."

Niliwatazama mmoja mmoja na kila niliyemtazama aliinamisha kichwa. Nikamtazama Mwadini. Alikuwa ameukamata mlango kwa nyuma, kama anayezuia usifunguke.

Mzee Mussa akasema polepole, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Gari la kampeni limepinduka leo asubuhi. Dereva ametoka mzima. Nassir ametutoka."

"Uongo," nikasema. Nilisema kwa utulivu kabisa. "Nimezungumza naye leo. Ameniambia nikisikia lolote nimuulize mwenyewe."

Nikachukua simu nikampigia. Hakuna aliyenizuia. Ikaita. Ikaita tena. Nikasikia imepokewa, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, naapa, kwa furaha.

"Nassir! Unasikia wanayosema huku?"

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema. "Tumeshamzika."

Ndipo nikakaa chini.

Hayo ya usiku ule siyaandiki. Nitaandika ya Jumamosi.

Matanga yetu yalikuwa ghorofani. Wanawake ndani, wanaume wamejipanga kwenye mikeka ukumbini, majirani wa Kizulu na wa Kikongo wakiwaruka miguu kwenda kwenye milango yao, wakisema pole kwa lugha zao. Mwadini alikuwa akizunguka na birika la kahawa. Alikuwa hajakaa tangu Alhamisi. Watu walimsifu. Shemeji wa kweli, walisema.

Samira alikuja akakaa karibu yangu, akaninong'oneza.

"Nina jambo. Nilikuwa na karatasi mbili. Niliziuza nikishajua. Nilikuwa nalia huku nauza, Biubwa, lakini niliuza. Nisamehe."

"Ndizo nilizonunua?"

"Sijui. Mimi niliuza karibu na adhuhuri, na mbili tu."

Basi si zake. Fiacre alisema zangu zililetwa asubuhi, na zilikuwa nyingi. Samira nilimpa mkono. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia mtu wa karatasi mbili. Nilikuwa nimemwekea hasira mtu mwingine, aliyeamka na habari ya kifo cha ndugu yangu akakimbilia sokoni kabla ya kukimbilia kwangu. Nilijiambia nikimpata huyo, nitamtoa matangani kwa mkono wangu mwenyewe, hata akiwa nani.

Alasiri Fiacre akaja. Mkatoliki yule alivua viatu mlangoni, akasimama na soksi zake, hajui aende kwa wanaume au kwa wanawake. Nikatoka kumlaki.

"Mama Biubwa, pole sana, vraiment, kweli kabisa. Mimi sikujua. Wote walikuja kwangu kimya, hakuna aliyeniambia mtu amekufa. Ningejua, nisingekuuzia." Akatoa bahasha. "Pesa yako hii. Nipe zile karatasi, tufute."

"Sitaki pesa. Nataka jina."

"Hakuna majina, mama. Unajua sheria yangu."

"Umevua viatu mlangoni kwangu, Fiacre. Uko kwenye msiba wangu, si sokoni kwako. Nani alikuletea zile karatasi?"

Akaangalia soksi zake.

"Ni mtu aliyezidiwa na huzuni? Alikuwa analia?" nikauliza. "Niambie hata hilo."

"Hakulia. Alikuja mapema sana, nilikuwa ndiyo napandisha shata la mlango. Akasema uza zote, bei yoyote. Nikamwambia ngoja nitafute kalamu, akaweka mkate wake juu ya mashine, akangoja."

"Mkate?"

"Mkate. Akausahau, nikamkimbilia nao mpaka nje." Fiacre akainua kidevu kidogo, upande wa ukumbini, kule mtu mmoja alipokuwa ameinama akimmiminia Mzee Mussa kahawa. "Mama, mimi nilifikiri wewe umemtuma."

Nikamtazama Mwadini na birika lake.

Niliukumbuka mkate ule. Niliukata kwa mkono wangu. Niliula huku namsikiliza Nassir akicheka kwenye simu, mzima, akinisema kwa ajili ya siagi.

Kwa hiyo Mwadini aliuza kabla. Si baada ya kifo. Kabla. Nassir alikuwa bado anapumua, bado ana dada wa kumpigia simu, na mume wangu alikuwa ameshaziuza zote kwa bei yoyote.

Sikupiga kelele. Nilimwita kwa jina, akaja na birika lake mkononi. Alimwona Fiacre, akaiona bahasha, akaelewa. Nikamwingiza jikoni nikafunga mlango.

"Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba atakufa."

Uso wake ulibadilika hata nikamwogopa.

"Biubwa! Mche Mungu! Unanidhania hivyo?"

"Uliuza ukiwa na mkate mkononi. Mimi nikala ule mkate nikizungumza naye. Nieleze, Mwadini. Nieleze sasa hivi, watu wako nje."

Akaliweka birika juu ya jiko lililozimwa.

"Hazikuwa zangu," akasema. "Zilikuwa za Nassir. Alinitumia pesa mwezi wa kwanza nimnunulie. Alikuwa akiniambia, shemeji, mimi namjua Wakili, hii ni pesa ya bure. Jumatano usiku akanipigia. Akasema uza zote kabla watu hawajaamka."

"Nassir alisema?"

"Yeye mwenyewe."

"Nassir asingeuza karatasi ya Wakili."

"Alikuwa amemwacha Wakili, Biubwa. Aliona mambo huko ndani, hakuniambia ni mambo gani. Alikuwa anavuka kwa Injinia, na Ijumaa baada ya swala angewatangazia watu wote. Kura zote za kusini zingevuka naye. Ile asubuhi aliponiita kwenye simu aliniuliza tu, umeuza? Nikamwambia nimeuza. Akasema, dada usimwambie, atanililia. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa."

Nje mtu alianza kusoma Yasini, na wengine wakaitikia.

Nilizitoa zile karatasi kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nazo tangu Alhamisi, zimelowa jasho na machozi, jina la Wakili limeshaanza kufutika. Mji mzima ulimkimbia Nassir, nikasimama naye mimi peke yangu, na wa kwanza kukimbia alikuwa yeye. Wala hakukaa duniani siku moja zaidi nimwulize kwa nini.

"Nani mwingine alijua anavuka?" nikauliza.

"Sisi tu. Mimi na yeye." Kisha akasema, kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, "Na mmoja mwingine. Nassir aliniambia ilibidi amwambie mtu huyo, kwa kuwa Alhamisi ile alimtaka ampeleke kwa watu wa Injinia."

"Ampeleke vipi?"

"Kwa gari, Biubwa. Yule dereva wa gari la kampeni la Wakili, aliyetoka mzima."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Ni Samira, na simu yangu mkononi mwake.

"Mama yako," akasema.

Niliipokea. Sauti ya mama ilikuwa imekauka kwa kilio, lakini siku ile ilikuwa na kitu kama shukrani.

"Mwanangu, nina mtu hapa wa kukupa pole. Hajaondoka kwetu tangu tulipomzika, ndiye anayetuchotea maji, ndiye aliyeniletea simu ya Nassir. Zungumza naye, umshukuru. Ni yule kijana dereva. Ndiye aliyemfumba macho ndugu yako."